Ulimwengu Ulio Wazi

Neno "wazi" lina nyuso mbili, na nyuso hizo hazitazamani. Mlango ulio wazi ni karibu. Nafasi ya kazi iliyo wazi ni pengo: aliyekuwapo ameondoka na wa kumrithi hajapatikana. Ukimwambia mtu wa Newala kwamba nyumba ya fulani iko wazi, atakuuliza kwanza kama wenyewe wamesahau kufunga au wamehama. Kwa hiyo wapwa wangu wawili waliponiomba niwape jina la Kiswahili la aina ya michezo ya kompyuta wanayoipenda, ile ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu fulani na kuachiwa nchi nzima aizurure apendavyo, nao wenyewe wakapendekeza "ulimwengu wazi", niliwaambia kwamba jina hilo ni zuri kuliko wanavyodhani. Limebeba sifa na lawama kwa pamoja. Kilichobaki ni kuamua, kwa kila mchezo, ni wazi ipi.

Tulibishana juu ya jambo hilo kwa majuma matatu ya likizo yao, nyumbani kwa dada yangu, msimu wa korosho. Kaka anasomea mambo ya kompyuta Dar es Salaam. Dada yake anasomea ualimu, ugonjwa tulioambukizana katika ukoo wetu. Wamakonde tunajua mjomba ni nani kwa wapwa wake, hivyo hawakuwa na njia ya kunikatalia kiti nyuma yao walipokuwa wanacheza. Naandika haya kwa wapenzi wa lugha na mashairi kwa kuwa mabishano hayo, ambayo vijana huyaendesha kwa kulinganisha ukubwa wa ramani na ung'avu wa picha, kiini chake ni usemi, na usemi ni shamba letu.

Tuanze na istilahi, kwa kuwa mwalimu wa Kiswahili hastaafu. Vijana husema "misheni" wakimaanisha kazi ambayo mchezaji hupewa ndani ya mchezo: nenda kule, mwokoe huyu, lete kile. Kwa mtu wa Masasi neno hilo linagongana na kengele. Mji wetu ulizaliwa na misheni ya Waanglikana mwaka 1876, kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na bibi zetu waliposema "nakwenda misheni" walikuwa wanakwenda kanisani, shuleni au hospitalini. Mpwa wangu akisema "nimemaliza misheni nne usiku huu", mimi huona mapadre. Nilipendekeza "jukumu", na zile kazi ndogo za kando ziitwe "majukumu ya pembeni". Walikubali mbele yangu. Wakiwa peke yao bado husema misheni.

Inafaa pia msomaji ajue kwamba michezo hii si ile inayojaza vibanda vya gemu vya Masasi mjini. Kibandani mtu hulipia mechi ya mpira, akafungwa, akampisha mwenzake. Mchezo unaomtaka mtu saa mia na zaidi kama anataka kuyamaliza yote hauwezi kukaa kibandani. Mwenye kibanda angekula nini? Huu ni mchezo wa mwenye kompyuta yake, mwenye bando la kutosha na mwenye umeme usiokatika, na kwetu mtu akiwa na kimoja katika vitatu hivyo hushukuru. Mpwa wangu aliipakua michezo yake chuoni, akapanda nayo basi hadi Newala.

Sifa kuu ya michezo hii ni ahadi moja: mlima unaouona kule mbali si picha iliyobandikwa, waweza kuufikia. Watu wa huku hatuhitaji kuelezwa ahadi hiyo ina utamu gani. Ukisimama Shimo la Mungu, pale uwanda wetu wa juu unapokatika ghafla, macho hushuka hadi bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Mtoto yeyote aliyefikishwa pale hunyamaza kwanza, kisha huuliza: pale panafikika? Wapwa wangu walinieleza juu ya mchezo wa Zelda wa mwaka 2017, ambamo karibu kila mwamba unapandika, lakini pumzi ya mpandaji huhesabiwa, na mvua ikinyesha mwamba huteleza, asubiri ikatike. Niliusifu mchezo huo bila hata kuuona. Aliyebuni mvua ile anajua kwamba mahali hupata heshima kwa kile kinachotozwa ili kupafikia.

Maana uwanda wa Makonde unatoza. Maji yako chini. Kabla ya mabomba ya mradi wa maji wa Makonde, na hata leo mabomba yanapokauka, safari ya ndoo moja ilikuwa safari ya kushuka ukingo na kuupanda tena na mzigo kichwani. Mama zetu waliijua nchi hii kwa shingo zao. Michezo mingi ya ulimwengu wazi hufuta ada hiyo mara moja: mchezaji akishafika mahali siku ya kwanza, siku ya pili hugusa ramani na kutua hapo hapo. Nchi nzima hugeuka kituo cha basi. Hilo ni kasoro, na nilipolisema wapwa wangu walinikubalia kwa haraka iliyonifanya nishuku kwamba wenyewe hugusa ramani kila siku.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, na hapa nitaomba uvumilivu kidogo, kwa sababu inanipitisha kwa Mjerumani.

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa vimeanza mwaka uliotangulia, mtaalamu wa mila aitwaye Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alitua Lindi, akapita Masasi na kukaa Newala. Alipiga picha, alinasa nyimbo zetu kwa fonografu, alikusanya vinyago na vyombo, kisha akarudi kwao na shehena hiyo na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1908. Nawajua wanaomshukuru, kwa kuwa bila yeye sauti hizo zingepotea kabisa; nami sitawapinga. Lakini tazama alivyokuwa njiani. Kila kijiji kwake kilikuwa akiba ya vitu vya kuona na kuchukua. Kila mtu alikuwa mtoa habari. Alipomaliza kuuliza, aliondoka, na watu wale wakabaki katika daftari lake wakiwa wamesimama pale pale alipowaacha.

Mchezaji wa ulimwengu wazi ni Weule. Huingia nyumba ya mtu bila hodi, hufungua kasha na mtungi, hutia mfukoni mkate, fedha na dawa, na mwenye nyumba amesimama kando akimtazama kwa adabu. Watu wa vijijini wapo ili waulizwe. Wakishajibu, hurudia sentensi ile ile mpaka mwisho wa dunia. Katika Skyrim ya mwaka 2011 wizi ni kosa ukionekana, na hilo ni jema. Lakini wachezaji waligundua kwamba ukimvika mwenye duka ndoo kichwani haoni, hivyo haibiwi. Mpwa wangu alinisimulia huku akicheka mpaka machozi. Dada yangu, anayejua bei ya ndoo, alitaka kujua kwa nini mwenye duka haiondoi.

"Hajafundishwa, mama."

"Basi huyo si mtu," alisema, akaendelea kubangua korosho.

Sikupata kusikia uhakiki mfupi na kamili kuliko huo. Upana hauponyi upungufu huo, huuzidisha. Mchezo wa Starfield wa mwaka 2023 ulitangazwa kuwa na sayari zaidi ya elfu moja, na walioucheza wengi walilalamika kwamba waliikuta mikubwa na mitupu. Hiyo ndiyo "wazi" ya nafasi ya kazi.

Mpwa wangu wa kiume hubishia hoja yangu kwa kutumia Elden Ring, mchezo wa Kijapani uliotoka Februari 2022. Humo hakuna orodha ya majukumu. Hakuna anayekushika mkono. Ramani ni tupu mpaka uvipate vipande vyake, na watu wachache unaokutana nao husema nusu ya jambo kisha hucheka au hulia. Historia ya nchi ile imefichwa katika maelezo mafupi yaliyoandikwa juu ya kila upanga, pete na vazi. Mtu hukusanya maelezo hayo kama anayeokota shanga za mkufu uliokatika. Kwake yeye, kimya hicho ni usemi, na wazi ile ni ya mlango.

Nilimwelewa upande mmoja haraka, kwa kuwa niliona vita vyake. Kila adui mkubwa ana mapigo yake yaliyopimwa: pigo, pumziko, mapigo mawili, pumziko refu. Ukikosea kwa nukta moja umekufa, uanze upya. Ile ni mizani. Kijana anayejidai kupenda uhuru usiku kucha alikuwa anahesabu silabi. Nilimkumbusha kwamba Kichomi cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974 wazee walidhani ushairi umevunjiwa uzio, na tulipofika chuo cha ualimu miaka kadhaa baadaye mabishano yale yalikuwa bado ya moto. Tulikesha tukitetea vina na wenzetu wakitetea kutokuwa na vina. Kilichonishangaza tangu siku zile ni kwamba mshairi mzuri wa mashairi huru huwa na sheria nyingi, ila hazitangazi. Elden Ring ni wa ukoo huo. Uhuru wake una mifupa.

Upande wa pili hatukuelewana, na hatujaelewana bado. Mpwa wangu aliniambia kwamba Hidetaka Miyazaki, aliyeuongoza utengenezaji wa mchezo huo, amewahi kueleza utoto wake: alikuwa akisoma vitabu vya Kiingereza vilivyomzidi umri, na mahali asipoelewa alijaza mwenyewe kwa kuwaza. Michezo yake inatokana na mapengo yale. "Kwa hiyo, Mjomba," alisema, "kutoelewa lugha si hasara. Ni mlango."

Nimefundisha sekondari maisha yangu yote ya kazi. Nimewaona watoto waliotoka darasa la saba, walilosomeshwa kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza na kukutana na biolojia, jiografia na historia kwa Kiingereza siku ya Jumatatu asubuhi. Wote walijaza mapengo kwa kuwaza. Mmoja kati ya mia huenda akawa Miyazaki. Wengine walikariri, wakanyamaza, wakajifunza kwamba darasani mwerevu ni yule asiyeuliza. Mtoto wa Kijapani alikuwa na Kijapani chake cha kurudia jioni, chenye vitabu, magazeti na michezo; pengo lake lilikuwa dirisha katika nyumba yenye kuta. Mtoto anayekuta pengo kila upande hana dirisha, hana nyumba. Mpwa wangu alijibu kwamba yeye ni mtoto wa pengo hilo na hakuharibika. Dada yake alimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba alikuwa na dada wa kumfasiria.

Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu sehemu iliyonigusa kuliko zote katika majuma yale matatu haikuwa ya Elden Ring. Ilikuwa ya mchezo wa Kipolandi, The Witcher 3, uliotoka Mei 2015, ambao binti anaupenda na kaka yake anauona una maneno mengi.

Shujaa wake ni mwindaji wa mazimwi anayefanya kazi hiyo kwa malipo, kijiji kwa kijiji. Ramani imejaa alama mpaka inachosha, na si kila alama ina kitu cha maana chini yake. Katika hilo haupo mbali na wenzake. Lakini kuna nyumba ya bwana mmoja, mbabe na mlevi, aliyepotelewa na mke na binti, anayemtaka mwindaji amtafutie. Taratibu hujulikana kwamba alikuwa akimpiga mkewe, na kwamba mimba ya mke iliharibika, na kile kichanga kilizikwa bila jina. Kikageuka zimwi. Mwindaji humweleza bwana yule njia mbili. Wanaweza kupigana na zimwi lile na kuliua. Au baba alibebe mikononi, alirudishe nyumbani usiku, alipe jina, aombe radhi, na kulizika chini ya kizingiti cha mlango. Ndipo litageuka roho mlinzi wa nyumba na kuonyesha waliko waliopotea.

Binti alikuwa anacheza na kufasiri kwa wakati mmoja, kwa kuwa mama yake alikuwa ameuliza kwa nini mtu mkubwa vile analia. Alianza kwa Kiswahili. Alipofika penye kichanga alihamia Kimakonde, nadhani bila kujua kwamba amehama. Mikono ya dada yangu ilisimama juu ya korosho. Yule bwana alikuwa anatembea gizani, amebeba kile kitu cha kutisha kama mtu abebavyo mtoto aliyelala, na mvua ya mchezo ilikuwa inanyesha.

"Wamempa jina gani?" dada yangu aliuliza.

"Dea, mama."

Alikaa kimya. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote kati yetu: "Wangu aliondoka bila jina."

Mimi nilijua. Jambo hilo lilikuwa na umri kuliko wapwa wangu wote wawili, na katika nyumba yetu halikutajwa kamwe. Wao ndio kwanza walisikia. Kijana, aliyekuwa amejilaza mkekani akidharau maneno mengi ya mchezo ule, aliketi.

Baada ya muda dada yangu aliuliza kama bwana yule angeweza kuchagua ile njia nyingine, ya kupigana. Binti alisema ndiyo, mchezaji ndiye anayeamua. Kaka yake aliongeza kwamba yeye, alipoucheza mara ya kwanza, alipigana.

"Kumbe ndiyo maana ya hiyo wazi yenu," alisema. Hakuwa anamlaumu. Alichukua jiwe lake, akaendelea na kazi.

Nimefikiri sana juu ya jioni ile. Wenye mchezo hawakuwa na habari za Newala. Ulimwengu wao wameujenga juu ya riwaya za Andrzej Sapkowski na juu ya visa vya Kislavoni, vya watoto waliokufa kabla ya jina na roho za kizingitini, vile ambavyo bibi zao waliogopa kuvitaja usiku. Hawakuona haya ya bibi zao. Mpaka mwaka 2023 walikuwa wameuza nakala zaidi ya milioni 50 za mchezo huo. Sisi wenye mapiko, wenye mashetani ya mpingo yanayouzwa mpaka Ulaya, tunaambiwa kila mara kwamba mambo yetu ni ya kienyeji mno. Mambo ya kichanga kile ni ya kienyeji kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye kioo cha kompyuta, na yalimfikia mwanamke wa uwanda wa Makonde mahali ambapo sisi nduguze hatukuwahi kufika.

Lakini yalifika kwa mdomo wa binti. Hilo sitaki lipotee katika sifa. Mchezo ule umefasiriwa kwa lugha nyingi, Kiarabu kikiwamo, Kiswahili hakimo. Kama binti angekuwa chuoni usiku ule, dada yangu angemwona mtu mkubwa akilia katika mvua, basi. Na binti hakufasiri kwa sanifu nilivyomfundisha. Alikiacha Kiswahili penye uchungu. Mfasiri yeyote atakayepewa kazi hiyo siku moja, na naamini atapewa, inampasa ajue kwamba nchi pana ina lugha za ndani ya lugha.

Kuhusu Kiswahili ndani ya michezo ya kompyuta, si kwamba hakikupata kuingia kabisa. Kiliingia kwa milango isiyotarajiwa. Mwaka 2005 Civilization IV, mchezo wa kujenga himaya, ulifunguliwa kwa wimbo "Baba Yetu" wa Christopher Tin, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ukawa wimbo wa kwanza ulioandikiwa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Mwaka 2009 kikaja Resident Evil 5, mchezo wa kutisha uliowekwa katika nchi ya kubuni huko Afrika Magharibi, ambamo wanakijiji waliogeuka viumbe waovu humkimbilia mchezaji wakipiga kelele kwa Kiswahili. Mpwa wangu alinionyesha. Nilisikia maneno ninayowaita kwayo watoto wangu wale chakula, yakitoka katika kinywa kilichowekwa pale ili kipigwe risasi. Kwanza kanisani, kisha kinywani mwa zimwi: kati ya sala na ukelele ule hapakuwa na mtu wa kawaida anayesema Kiswahili cha sokoni, cha mapenzi, cha kudaiana.

Ndipo, Aprili 2024, ikaja Tales of Kenzera: Zau. Aliyeubuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na aliubuni kwa msiba wa baba yake. Mganga kijana, Zau, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili baba yake arudishwe. Mchezaji anaweza kuchagua kusikiliza mazungumzo yote kwa Kiswahili. Huo si ulimwengu wazi kwa maana ya wapwa wangu: shujaa huenda kushoto na kulia, hupanda na kushuka, kama aliyechorwa ukutani. Saa chache umekwisha. Wachezaji wengine waliulaumu kwa ufupi huo, na kijana wetu ni mmoja wao. Salim huyo huyo alikuwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017, ambamo Misri ya kale nzima imeachwa wazi, jangwa, mto na mahekalu, na mtoto wa Mkenya anaizurura akisema Kiingereza. Kisha akaja na nchi yake ndogo, akaipa Kiswahili cha mtoto anayeomboleza. Nikipewa kuchagua kati ya hizo mbili, nitachukua ile ndogo, na nimemwambia mpwa wangu hivyo mara tatu.

Yeye husema nalinganisha chungu na shamba. Anataka vyote: upana wa Misri na ulimi wa Kenzera, nchi ambamo mtu ataondoka Masasi kwenye milima ya mawe, apande uwanda, ashuke Ruvuma, na kila nyumba atakayobisha hodi pawe na mtu mwenye jambo lake la kusema, asiyekubali kuvikwa ndoo. Alianza kuhesabu ingegharimu nini. Akaacha kuhesabu.

Siku moja kabla hawajaondoka nilimwandikia ubeti nyuma ya karatasi ya mizani ya korosho, nikaubandika juu ya kompyuta yake:

Nimeziona nyikani, milima ya kupandika,
Na majumba ya mjini, milango ikafunguka,
Nikapiga hodi ndani, kwa lugha ninayoshika,
Ulimwengu una nini, ukikosa kutamka?

Sikutegemea jibu, kwa kuwa kijana huyu hujiita mtu wa mashairi huru. Asubuhi nililikuta limekunjwa ndani ya kofia yangu:

Mjomba hodi ya nini, kwa mtu asoingia,
Kimya kilicho bondeni, chasema ukitulia,
Na upepo wa kilimani, lugha gani watumia,
Mwenye neno ndiye nani, kama si anosikia?

Mshororo wa kwanza ni kejeli kwangu, kwamba nimekaa nyuma yao majuma matatu bila kuishika pedi hata siku moja. Nimeipokea, mpwa ana ruhusa. Hoja yake ya upepo sijaipatia jibu la kuniridhisha, na nawakaribisha malenga wa ukumbi huu wanisaidie, kwa bahari yoyote. Ila katika mshororo wa tatu, kipande cha kwanza kimezidi mizani moja. Ingetosha kuondoa lile "Na". Dada yake alikwisha kuliona na kulizungushia kalamu nyekundu kabla karatasi haijanifikia.